Hapana, siuzi

Wiki iliyopita mliuliza: ukipata siku nzima ya kiangazi isiyo na shughuli, unaipitishaje, na pamoja na nani? Jibu fupi ni kwamba naipitisha nikifanya kazi, pamoja na wifi yangu. Refu ndilo hili.

Kiangazi chetu Nairobi ni Januari na Februari, kabla masika hayajaanza. Jua tele, mifuko mitupu. Krismasi imekula ilichokula, karo imemaliza kilichobaki, na si bure watu wameubatiza mwezi wenyewe Njaanuari. Atakayesema twende Naivasha ataenda peke yake. Ila huo huo ndio msimu ambao maembe ya Makueni na Machakos hufurika soko la Marikiti, na yakifika kwa mama muuzaji wa mtaani kwetu South B, yale yaliyogongwa njiani huyauza kwa ndoo ili asiyatupe. Hayo ndiyo yangu. Palipooza nakata na kutupa bila huruma, lakini embe lenye jeraha la safari halina kosa lolote ndani ya sufuria.

Shughuli inaanza Ijumaa usiku. Namenya, nakatakata, napima kwa mizani, natia sukari na maji ya limau, nafunika, nalala. Sukari inaendelea na kazi mimi nikikoroma: huvuta maji kutoka kwenye tunda, na kukicha vipande vinaelea kwenye shira. Kwa kilo 1 ya embe natia gramu 750 za sukari. Wengine hutia kilo kwa kilo, na jamu yao hudumu zaidi, maana sukari ndiyo inayoyashika maji hata kuvu ikakosa ya kunywa. Mimi nataka kuonja embe. Aina ya Apple ndiyo nzuri kuliko zote kwa kazi hii, haina nyuzi. Embe la kienyeji lina harufu ambayo mengine hayaifikii, ila nyuzi zake zitakukaa menoni mpaka Jumatatu, kwa hiyo lipitishe kwenye chujio kwanza.

Wifi hufika Jumamosi saa tatu, mfuko wa viraka begani. Ni dada mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo nyumbani kwangu hakuna wa kumwambia aharakishe. Chai kwanza. Kisha sufuria inapanda mekoni.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mapishi kutoka Uingereza havitwambii. Husema jamu imeiva ikifika nyuzijoto 105. Hiyo ni jamu ya wanaoishi usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Kinachotakiwa ni jamu ipite kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi nne au tano. Basi kwetu huwa tayari kwenye 98 au 99. Ukisimama na kipimajoto ukingoja 105, utakuwa unapika kashata. Asiye na kipimajoto aweke kisahani kwenye friza, adondoshee tone la jamu, angoje dakika moja, alisukume kwa kidole. Likikunjamana, basi. Na huo moto uzimwe wakati unapima tone, kwa sababu sufuria haikungoji.

Embe lililoiva sana lina pektini kidogo, yaani ile gundi ya asili inayofanya jamu igande. Dawa yake ni kuchanganya na moja mawili ambayo bado yana ukijani, tena mbegu za limau na za machungwa zifungwe kwenye kitambaa cheupe zipikwe humo humo, zitolewe mwishoni. Mapera hayana shida hiyo hata kidogo. Mwenye jirani mwenye mpera awe na adabu naye. Sufuria iwe pana, mvuke utoke upesi, na iwe ya chuma cha pua. Zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya matunda huila alumini, ukaishia kupaka mkate ladha ya bati. Chupa zichemshwe, zijazwe jamu ingali moto, zifungwe, kisha zirudi ndani ya maji yanayochemka na kuzifunika kabisa. Kule chini kwenye usawa wa bahari dakika 5 zinatosha. Nairobi nahesabu 10. Ndugu zetu wa Limuru, ambao wako juu zaidi, wahesabu 15. Kifuniko kilichoshika kutu ni cha kutupa, hata kama unakipenda.

Jamu haitaki kuachwa peke yake, itashika chini. Kwa hiyo tunapokezana mwiko: mmoja anakoroga, mwingine anashona. Hivyo ndivyo siku nzima inavyokwenda.

Viraka ni mabaki, tunayaunga yawe mfarishi wa kujifunika. Fundi wa nguo aliye chini ya ghorofa yetu hukusanya vipande vya kitenge kwenye gunia, na wifi humwachia mandazi. Kanga zilizochakaa anazo za kwake, za tangu ujana, nyingine bado zina ile chapa ya Mali ya Abdulla, ya wale wenye duka Mombasa tangu 1887. Yeye ni mkali kwa mambo mawili. La kwanza, kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Kanga mpya ina wanga na bado haijarudi, yaani haijasinyaa kwa kufuliwa. Ukiiunga na kuukuu iliyokwisha kurudi, kufua mara ya kwanza kutaleta makunyanzi kila mahali. Nyekundu huiloweka kwenye beseni pamoja na kitambaa cheupe, aone kama inatoa rangi. La pili, mshono ukae robo inchi kutoka ukingoni, vipande vyote, bila mjadala. Mwenye kushona robo hapa na nusu pale atajikuta na miraba isiyokutana, na wifi atamtazama tu.

Mfarishi una matabaka matatu: uso wa viraka, kitu cha joto katikati, na mgongo. Sisi katikati hatutii pamba. Tunatia blanketi jepesi la mitumba kutoka soko la Gikomba, limefuliwa likafuliwa tena. Yote matatu hutandazwa sakafuni, yakashikizwa kwa bandi (mishono ya kupitisha sindano juu na chini) ndefu kuanzia katikati kwenda nje, ili yasijikunje, halafu ndiyo yanashonwa kwa mkono, mistari sambamba ya bandi fupi. Wabengali hufanya karibu hivyo hivyo na sari kuukuu, wanaita kantha. Na hapa nataka mwenye kusema Nairobi hakuna baridi aje alale kwangu Julai.

Ule tunaoshona sasa una kanga ya wifi katikati, nzima, na maandishi yake hajayakata: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Sijui kama aliyebuni maneno hayo alifikiria kitanda. Wifi anasema ndipo mahali pake hasa.

Mimi kwenye mashine si hodari, wangu ni uzi wa kudarizi. Sisi wa 8-4-4, mfumo wa elimu ulioanza 1985, tulifundishwa sindano katika somo la Sayansikimu, wavulana kwa wasichana, na kuna wanaume wazima mjini humu wanaojua mshono wa mnyororo ila hawatakiri mbele ya watu. Uzi wa kudarizi huja na nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja. Unazitenganisha, unatumia mbili kwa ua dogo, tatu kwa jani, na usikate ndefu kuliko kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko, la sivyo zitajifunga mafundo. Nadarizi vitambaa vya kochi. Naam, vile vile ambavyo vijana wanavicheka kwenye mitandao, vya sebule za mama zetu, vilivyofunika viti, meza, redio, na televisheni ikija, nayo ikavishwa. Nawaacha wacheke. Kochi langu la kitambaa cha krimu na watoto watatu wa jirani wenye mikono ya chapati ni jambo lisilowezekana bila kitambaa juu yake.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Kila anayeingia nyumbani siku hiyo huuliza swali moja. Jirani wa ghorofa ya tatu, shemeji zangu, hata kijana aliyeleta mtungi wa gesi: "Unauza?" Nikisema hapana, huanza kunihurumia. Hujui una pesa mkononi? Fungua ukurasa, piga picha, weka lebo kwenye chupa. Mwaka jana binamu yangu alinipigia hesabu yote kwenye simu, faida ya kila chupa, mpaka jina la biashara akanipa.

Najua wanalotaka kusema. Mji huu haumwachi mtu akae bila pato la pembeni, na wako wengi ambao sindano hiyo hiyo inawalipia nyumba. Hao nawaheshimu na nguo zangu nawapelekea. Lakini mimi wiki nzima nahesabu pesa za watu. Siku jamu itakapokuwa na bei, nitaanza kuangalia saa nikikoroga. Nitaacha embe la kienyeji kwa sababu linachukua muda kuchuja. Wifi ataambiwa aharakishe, na hapo ndipo tutakapokosana. Kule Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, akina mama weusi walishona mablanketi ya viraka kwa suruali za kazi zilizochakaa, kwa sababu nyumba zao zilipitisha baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, watu wakapanga foleni kuzitazama kama picha za wachoraji. Naam, hatimaye zikapata bei. Lakini kwanza zilishonwa na watu waliokuwa na haki ya kuweka kiraka chekundu pale kwa sababu tu wamekipenda pale.

Haki hiyo ndiyo mapumziko yangu, kama mlitaka kujua yako wapi. Kukaa sofani na simu hakujawahi kunipumzisha. Nikinyanyuka nahisi kama nimetoka kazini. Ila siku ya mwiko na sindano ninalala bila kugeuka, mabega yananiuma na sina deni la mtu.

Jirani wa ghorofa ya tatu hajakubali. Juzi alikuja na noti mkononi, akaiweka mezani kabisa, anataka chupa mbili. Nilimrudishia noti nikampa moja. Bei ni ile ya siku zote: chupa irudi tupu, imeoshwa, na kifuniko chake. Ya pili atapata akileta ya kwanza, na ajue ikishafunguliwa inakaa kwenye friji, si juu ya kabati kama alivyofanya mwaka jana.