Barua kwa Mwanangu: Anza na Viti, Vitanda Vitafuata

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mchoro ulioufunga pamoja nayo umelala juu ya meza yangu ya useremala kwa siku tatu. Umeniuliza wajukuu wangu walale wapi katika vani tupu mliyoinunua wewe na mkeo ili muigeuze kuwa gari la kambi: kwenye vitanda vya ghorofa huko nyuma, au kwenye meza ya kulia inayoshushwa usiku ikawa kitanda? Nitalijibu swali hilo, lakini niruhusu nianze pale ambapo mchoro wako haukuanza. Umechora vitanda vinne, jiko, kabati na choo, ila viti vya safari ni viwili tu, vile vya mbele.

Wengi hulichukulia gari la kambi kama chumba cha kulala kilichowekewa magurudumu, na hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu kabla ya kuwa chumba hilo ni gari linalokwenda kasi barabarani huku watoto wako wakiwa ndani. Kila anayesafiri anahitaji kiti kinachoelekea mbele, chenye mkanda wa pointi tatu wa aina aliyoibuni mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, ule unaoigawa nguvu ya mshtuko kati ya bega, kifua na nyonga. Kiti hicho hakina budi kufungwa kwenye chuma cha gari kwa vifaa vilivyopimwa kwa kazi hiyo, na fundi aliyeisomea. Mimi ni seremala, na mbao nazipenda, lakini benchi la plaiwudi lililokazwa kwa skrubu sakafuni haliwezi kumlinda mtoto hata ukilivalisha mikanda mizuri kiasi gani, kwa kuwa gari linapogonga, benchi lenyewe ndilo litakalong'oka na kwenda naye. Kwenye viti vya kukaa ubavu nako usiwaketishe watoto wako wakati wa mwendo, maana viti vya watoto havikutengenezwa kufungwa hapo.

Kwa hiyo agiza kiti cha watu wawili kilichokwisha kupimwa, chenye mikanda yake na nanga za ISOFIX, yaani vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto, nacho kiwekwe nyuma ya kiti cha dereva, upande usio na mlango wa kusukuma. Yule mdogo, kwa miaka yake miwili, yuko salama zaidi akiendelea kutazama nyuma katika kiti chake cha mtoto, kinachofungwa juu ya hicho cha gari, kadiri kinavyoruhusu, kwa hiyo pima nafasi ya magoti na miguu ukiwa umekiweka kiti chenyewe, usikadirie kwa macho. Viti vya mbele vikiwekewa vizungushio, mkishaegesha mtavigeuza vitazame nyuma, na hapo mtakuwa wanne mnaokabiliana kuizunguka meza moja ndogo. Ukishakipa kiti hicho mahali pake, utaona kwamba sehemu kubwa ya mchoro uliobaki inajichora yenyewe.

Sasa vipimo. Vani yenu ya Ducato, yenye urefu wa karibu mita 6, ina takriban mita 3.7 za urefu wa ndani nyuma ya viti vya mbele, upana wa mita 1.87 pale inapopanuka zaidi, na mita 1.42 tu katikati ya matao ya magurudumu. Kinga ya joto na mbao za ukutani zitakula sentimita kadhaa kila upande, na kiti cha watoto kitachukua karibu sentimita 90 za urefu. Mnabakiwa na chini ya mita 3 kwa ajili ya jiko, kabati, choo na malazi ya watu wanne, na ndiyo maana swali lako la vitanda ni zito kuliko linavyoonekana.

Meza ya kugeuza kitanda siitaki, na sababu yangu haitoki vitabuni. Unalikumbuka gari letu la buluu? Meza ile niliitengeneza mimi, na niliionea fahari mpaka jioni moja ya mvua tulipoegesha tumechoka, wewe ukiwa umelala na viatu kwenye kiti, dada yako analia njaa, na chakula bado kiko motoni. Ili wewe ulale ilibidi meza ishushwe, na ili dada yako ale ilibidi meza isimame. Mama yako alikubeba begani zaidi ya nusu saa huku nikitafuta mto wa katikati, na usiku kucha mto ule ulikuwa ukiteleza, nawe ukidumbukia katika ufa wa mbao. Watoto hulala mapema kuliko wazazi, kwa hiyo kitanda chao lazima kiwe kimetandikwa muda wote, kinamsubiri mtoto.

Jibu langu basi ni vitanda vya ghorofa nyuma kabisa, vipite upande hadi upande, lakini si kwa mpango wako wa mtoto mmoja chini na mwingine juu. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 6 halali kitanda cha juu, hata kama kina ukingo. Watoto wote wawili walale chini, mlale ninyi juu. Uso wa godoro la chini uuweke kwenye sentimita 50 kutoka sakafuni, kisha uache kama sentimita 65 hadi chini ya kitanda chenu: mdogo ataketi wima bila taabu, mkubwa atainamisha kichwa kidogo. Juu yenu mtabakiwa na nusu mita au zaidi kidogo, ambayo inatosha kulala na kujigeuza, si kukaa. Hilo nalijua halitampendeza mkeo, na ni haki yake, lakini nadhani mtu mzima anaweza kuvumilia dari iliyo karibu ili mtoto asianguke. Chaga za kitanda chenu zitengeneze ziwe vipande viwili vinavyotoka, ili mchana mpate nafasi zaidi, na magodoro yote yakae juu ya chaga zenye nafasi, kamwe si juu ya ubao mzima, kwa sababu pumzi za watu wanne hugeuka maji usiku na godoro lisilopitiwa na hewa huota ukungu kwa chini. Kidirisha cha dari cha sentimita 40 kwa 40 chenye feni kitawasaidia sana, mradi kuwe na mahali pengine pa kuingizia hewa chini.

Jiko lipeleke karibu na mlango wa kusukuma, liwe fupi, na mishikio ya sufuria isielekee njia ya watoto. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba moto usikae kati ya vitanda na njia pekee ya kutokea. Milango ya nyuma ni lazima ifunguke kutoka ndani, na mkubwa afundishwe kuifungua gizani. Gesi ya propani, hiyo ya jikoni, ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutulia sakafuni, hivyo kabati la mtungi liwe limezibwa kwa upande wa ndani na liwe na tundu sakafuni mwake linalotokea nje. Funga king'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi, na mtungi wa kuzimia moto uwekwe mahali utakapoufikia hata ukiwa umesimama nje.

Juu ya uzito nitakuwa mkali kidogo, maana nimekuona umeandika plaiwudi ya milimita 18 kila mahali. Shiti moja ya plaiwudi ya mti wa birch ya unene huo, futi 4 kwa 8, ina karibu kilo 36, na ya milimita 12 ina karibu 24. Shiti kumi zinakupa tofauti ya kilo 120, ambazo ni zaidi ya uzito wa wajukuu wangu wote wawili pamoja na nguo zao zote. Katika nchi nyingi leseni ya kawaida ya gari dogo haivuki kilo 3,500 za uzito wote likiwa na watu, maji na mizigo, na lita 100 za maji ni kilo 100 nyingine. Tangi na betri vikae chini, katikati ya ekseli mbili, na gari ulipeleke kwenye mizani kabla hujaanza kazi na tena ukimaliza.

Milango ya makabati na droo zote zipate vitasa vya kubonyeza vinavyojifunga, kwa kuwa sumaku pekee hazitoshi. Mwaka ule ule wa gari la buluu nilikanyaga breki mbele ya ng'ombe, droo ikafunguka, na sufuria ya chuma ikapita hewani na kutua pembeni mwa kiatu cha dada yako. Ule mlio wa chuma sakafuni ninao masikioni hadi leo.

Kabla hujakata ubao wowote, chora mpangilio wote kwenye sakafu ya vani kwa tepu ya karatasi, usimamishe maboksi mahali pa jiko na kabati, kisha waite wote wanne mwingie na mfunge mlango. Mmoja ajifanye anapika, mmoja amvalishe mdogo nguo za kulala, na mkubwa atake kwenda chooni wakati huo huo. Pale mtakapogongana ndipo mtakapogongana kila jioni, na boksi kulisogeza ni kazi ya dakika moja. Mkishamaliza, niandikie vipimo vipya, nami nitakuja na msumeno wangu na ile randa ndogo uliyokuwa ukiipenda.

Baba yako