Jarida la sanaa na midia ya kidijitali: anza na ukurasa wa makala

Mkuu, umeuliza ukurasa wa mbele wa jarida la kitaaluma la sanaa na midia ya kidijitali uweje. Uache kwanza. Wasomaji wengi wa majarida haya hutua moja kwa moja kwenye makala, wakitokea kwenye injini ya utafutaji au kwenye marejeo ya mwandishi mwingine. Shika makala moja, itengenezee ukurasa wake mpaka ukae sawa, mengine yatafuata.

Maandishi hayana shida sana: mstari wa herufi 60 hadi 75, fonti ya pikseli 18, nafasi ya mistari 1.5. Kijivu hafifu juu ya nyeupe achana nacho. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwanga kati ya herufi na usuli wa angalau 4.5 kwa 1.

Picha ndizo zinazoumizwa zaidi. Violezo vingi huzikata ziwe mraba ili zijipange vizuri. Mwandishi anachambua kilichowekwa pembeni kabisa mwa picha, na pembe hiyo msomaji haioni! Fungua faili la CSS, lile linalopanga mwonekano wa ukurasa, tafuta object-fit: cover (inayokata picha ijaze nafasi), badilisha iwe contain (inayoionyesha nzima). Picha iliyohifadhiwa kwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi zaidi, bila wasifu wake wa rangi (maelezo yaliyo ndani ya faili yanayotaja mfumo huo) hupauka, kwa kuwa kivinjari huichukulia kama sRGB, mfumo wa kawaida wa wavuti. Igeuze iwe sRGB kabla ya kuipakia. Andika pia upana na urefu wake kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa, la sivyo maandishi yataruka kila picha inapofunguka.

Chini ya picha weka msanii, jina la kazi, mwaka, nyenzo, vipimo na mwenye hakimiliki. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika: leseni ya Creative Commons (inayoruhusu watu kuitumia tena) uliyoipa makala haiigusi kazi ya mtu mwingine iliyomo ndani.

Sasa kazi zenyewe za kidijitali, na hapa usiwe na haraka. Kupachika video kutoka jukwaa la nje ni rahisi, ila mwenye akaunti akiifuta, hoja nzima inabaki juu ya kisanduku cheusi. Flash, programu iliyoendesha michoro hai kwenye vivinjari, iliposimamishwa mwisho wa 2020, kazi nyingi za mtandaoni ziliacha kufunguka. Kwa kila kazi inayojadiliwa, omba ruhusa uweke kwenye seva yako picha mnato tatu au nne, video fupi ya MP4, na aya moja inayoeleza kazi inavyoitikia mguso wa mtumiaji. Kama ni tovuti, ihifadhi kwa WARC, muundo wa faili wa kuhifadhi kurasa za wavuti.

Kwa mfumo wa kuendeshea jarida, Open Journal Systems ni bure na unatoa metadata (taarifa za makala kama jina, mwandishi na tarehe) ambazo Google Scholar, injini ya kutafuta kazi za kitaaluma, inazisoma. Kila makala ipewe DOI, namba ya kudumu inayompeleka msomaji kwenye makala. Ukihamisha tovuti, sahihisha anwani mpya kule Crossref, shirika linalosajili DOI, siku hiyohiyo, maana DOI haijui kwamba umehama. Na kwa kuwa makala ya HTML haina namba za kurasa, zipe aya namba ili watu wanukuu. Makala ikishatoka, namba hizo zisiguswe tena, hata ukisahihisha kosa.