Bosi amekupa likizo bila malipo afu unaikataa? Hebu weka hiyo barua chini kwanza

Mkuu hiyo barua usiitume. Nilisoma uzi wako nikasema nipite kimya, nikashindwa, nimerudi.

Yani umeandika mwenyewe kwamba kazini roho haipo tena, umetoka kwenye semina ya kutafuta kusudi la maisha, umegundua umezaliwa kufundisha vijana, umemwambia bosi unaondoka, naye kakujibu chukua likizo bila malipo ukajaribu, nafasi yako tutaishikilia, na WEWE unataka kuikataa kwa sababu mwalimu wa semina kasema mwenye mpango wa pili hafiki popote! Afu unakuja hapa kutuomba maneno ya kuweka kwenye barua, mbinu za kuzoea kuamka saa kumi alfajiri, jinsi ya kuwajibu ndugu wanaokukatisha tamaa, na sisi tulioanguka tulisimamaje. Nitajibu ninayoyaweza, ila naanza na hilo la likizo maana limenikaa kooni.

Mimi nilipewa likizo hiyohiyo. Nikaikataa.

Nilikuwa mhasibu, sio mkubwa, yule wa kawaida anayekaa na majedwali mpaka macho yanawasha. Jioni nikirudi nachora. Nachora nyuso, mikono, wazee waliokaa, na kila anayeona anasema wewe una kipaji unaozea ofisini. Sasa usikie hivyo miaka na miaka, kuna kitu kinajijenga kichwani bila wewe kujua, unaanza kuiona ofisi kama watu waliokukamata. Nikawa nimeshapanga kichwani, nitaacha kazi nifungue darasa la kufundisha watoto kuchora, hilo ndo kusudi langu. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijisikia tu.

Hapo ndo nikaenda semina. Kocha wa maisha, kipaza sauti cha kubana sikioni, anatembea jukwaani huku na huku, anashusha sauti mpaka unasogea mbele ya kiti, afu anapaza ghafla. Akatupa habari ya Hernán Cortés, yule kamanda wa Kihispania, kwamba mwaka 1519 alifika pwani ya Mexico na watu wachache, akachoma meli zake zote ili askari wasiwe na pa kurudi, na ndo maana wakawashinda Waazteki, wenyeji waliotawala kule. Akasema kilichotukwamisha sisi ni meli tulizoziacha zimefungwa bandarini, mshahara ni meli, bima ni meli. Ukumbi mzima ukasimama tukawa tunapiga kelele CHOMA MELI, CHOMA MELI. Mtu mzima mimi, nina watoto wawili, nimetoka jasho, choma meli. Kama uliwahi kuwa kwenye ukumbi wa namna ile hutanicheka, na kama hujawahi cheka tu, nimezoea.

Nikaandika barua. Bosi wangu alikuwa mtu mkimya sana, hata sikuwahi kujua ananionaje. Akaisoma, akavua miwani, akasema kaa nje miezi mitatu bila mshahara, ukiona mambo yameshika usirudi, ukiona hayajashika njoo uendelee. Hajawahi mtu kunipa kitu kikubwa namna ile kwa sentensi fupi namna ile. Nami nikamjibu kwa sauti ya kocha, sauti yenyewe kabisa, kwamba mimi sitaki mlango wa nyuma. Akasema "haya". Akasaini.

Sasa sikiliza vizuri maana watu huwa wananielewa vibaya hapa. Wanadhani naumia kwa sababu niliacha kazi. Kazi watu wanaacha kila siku na wanaendelea vizuri. Kinachoniuma ni kwamba mpaka nasaini ile barua nilikuwa sijawahi kufundisha kuchora hata mtoto mmoja, hata mchana mmoja wa Jumamosi, hata bure. Nilikuwa najua kuchora. Kufundisha watoto kuchora nilikuwa nakuwaza tu. Na ile miezi mitatu ingenionyesha tofauti mapema kabisa huku meza yangu ofisini bado ina kiti changu.

Kwa sababu ilivyokuwa ni hivi. Darasa la watoto, kuchora ni kipande kidogo. Kinachobaki ni kutuliza fujo, kuamua nani kachukua penseli ya nani, kufukuzana na wazazi wanaosema ada tutaituma kesho, kutafuta watoto wapya maana wa zamani wamechoka wamehamia kwenye mpira, na kumsifia mtoto ambaye amechora duara kwa mara ya mia afu mama yake anataka uthibitisho kwamba ana kipaji. Kuna watu wanaipenda hiyo kazi kwa moyo wote, nimewaona, wanang'aa. Mimi kumbe sio mmoja wao. Mimi nilipenda kuchora kwa sababu hakukuwa na mtu ndani yake, ilikuwa saa yangu ya kutodaiwa na yeyote. Nikaichukua saa ile moja nikaifanya iwe ofisi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Nikaweka na picha kwenye statasi, nimekaa na watoto, maneno marefu chini kuhusu kuishi kwa kusudi, komenti zinamiminika, hongera kamanda, umetuhamasisha. Hizo hongera nazo ni tatizo maana ukishapongezwa hadharani huwezi tena kukiri kwamba mambo hayaendi, unaanza kufanya kazi ya kulinda picha. Akiba ikaenda. Nikagusa mafao, hela ya uzeeni ile, mama watoto akaniuliza una uhakika nikamwambia imani yako ndogo. Dada au kaka mleta mada (sijajua wewe ni nani, samahani) hiyo kauli ya imani yako ndogo nimeilipia kwa bei kubwa kuliko mafao yenyewe. Yeye alikuwa amepiga hesabu. Mimi mhasibu sikupiga.

Na hasara kubwa kuliko zote ni kwamba kuchora kwenyewe kulikufa. Nikishika penseli naona kodi ya nyumba. Ilipita zaidi ya mwaka sijachora uso wa mtu kwa hiari yangu. Hela unaweza kuitafuta tena. Hiki kingine mpaka leo kinarudi robo robo, na kuna siku hakirudi kabisa.

Nilimwandikia kocha. Ndio, nilimwandikia, ujumbe mrefu wa kistaarabu, nikamweleza nimechoma meli kama ulivyosema na sasa niko baharini. Akajibu msaidizi wake kwamba wanaelewa ninachopitia na kuna semina ya NGAZI YA PILI kwa ajili ya waliofika nilipofika, kiingilio hiki hapa. Wallahi. Yani mtu anakuuzia kiberiti afu anarudi kukuuzia maji.

Nikawa na muda mwingi sasa, si nilikuwa sina kazi, nikaanza kumsoma huyo Cortés mwenyewe. Kwanza meli hakuchoma! Alizikwamisha na kuzizamisha pale ufukweni. Sababu yenyewe haikuwa kuhamasisha mtu, ilikuwa baadhi ya watu wake walikuwa upande wa gavana wa Cuba, Diego Velázquez, na walipanga kutoroka wakamchongee, kwahiyo alikuwa anawazuia wasitoroke. Na kabla ya hapo alishatuma meli moja Hispania yenye dhahabu na barua za kumbembeleza mfalme, maana yake mlango wa nyuma alikuwa ameushika mkononi. Afu sikia hii, zile meli kabla hazijaenda chini walizivua vyuma, matanga na kamba, wakavitunza, na baadaye vitu hivyohivyo vikatumika kuunda meli ndogo 13 alizoziingiza ziwani kuuzingira Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521. Na alikuwa na maelfu ya askari wa Tlaxcala pembeni yake, wenyeji waliokuwa maadui wa Waazteki, hao kocha hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Sasa hapo nani kachoma nini? Jamaa alitunza mpaka misumari! Mimi sikutunza hata namba ya simu ya bosi. (Tukiacha kando kwamba alikuwa anaenda kupora nchi za watu, eti huo ndo mfano wa kuishi kwa kusudi.)

Kama hutaki historia chukua utafiti. Mwaka 2014 Joseph Raffiee na Jie Feng wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitoa matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani walioanzisha biashara kati ya 1994 na 2008. Walioanza huku bado wameajiriwa, wakahamia moja kwa moja baadaye, uwezekano wa biashara zao kufa ulikuwa pungufu kwa kama theluthi moja ukilinganisha na walioruka mara moja. Na waliokuwa wanaanza kwa mguu mmoja walielekea kuwa wale waoga waoga, wale ambao kule semina wanaambiwa wakae viti vya nyuma.

Na sisi tunaosoma Kiswahili mfano tunao nyumbani kwenye lugha yenyewe. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, alianzia forodhani mwaka 1926 na akaendelea na ukarani idara hii na ile miaka mingi. Mashairi na riwaya tunazosoma zimeandikwa na mtu mwenye faili mezani. Nenda kamwambie yule kwamba hakuwa na kusudi kwa sababu hakuandika barua ya kuacha kazi.

Kanuni yangu ni moja, sina nyingine, mtu akija na saba kimbia: usiache kitu chochote mpaka hilo unaloliita kusudi ulifanye ukiwa UMECHOKA, bila makofi, kwa muda mrefu wa kutosha kukuboa. Ukiwa mpya kila kitu kinaonekana kusudi. Likishakuboa na bado unajikuta umelirudia wiki inayofuata bila mtu kukusukuma, hapo njoo tuandike barua wote, nitakusaidia hata koma.

Kwahiyo hiyo likizo ichukue, na ukiichukua usiende kukaa nyumbani kutengeneza nembo na kadi za biashara. Nenda mahali vijana wapo kweli, omba kufundisha, na uombe kile kipande kibaya kabisa, usahihishaji, mahudhurio, yule kijana ambaye hataki kusoma na baba yake amemlazimisha. Andika kila hela inayotoka. Usiweke statasi. Nakuomba kwa hilo, usiweke statasi, waambie watu wawili tu na mmoja awe yule anayekupinga zaidi kwa sababu ndo pekee ambaye hatakupigia makofi. Hao ndugu unaotaka tukusaidie kuwanyamazisha, hebu muulize mmoja wao amepiga hesabu gani kabla hujamnyamazisha. Mimi wangu nilimnyamazisha nimeshakueleza.

Afu hili neno kusudi lenyewe linatupa presha bure. Kule semina walimtaja sana Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyepita kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo, akapoteza mke, mama, kaka. Sawa, ila hawakumalizia. Frankl alisema maana ya maisha mtu anaweza kuipata kwa kazi anayoifanya, kwa kumpenda mtu au kukutana na kitu kizuri, na kwa namna anavyolibeba lile teso ambalo haliepukiki. Kazi ni njia mojawapo. Na yeye mwenyewe alipotoka kambini, mwaka 1946 akashika idara ya magonjwa ya neva kwenye hospitali pale Vienna, akaiongoza miaka kama 25. Ajira mkuu! Mtu wa kusudi anaamka anaenda zamu!

Kusimama tena uliuliza nilisimamaje. Nilirudi uhasibu, sehemu nyingine, ngazi ya chini kuliko niliyoiacha, msimamizi wangu ni kijana ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha kazi. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakula peke yangu. Afu ikawa kawaida. Hakuna kisa cha kusisimua hapo na hakuna atakayenialika jukwaani kukieleza.

Kesho asubuhi nenda kwa bosi wako, mwambie umekubali likizo, na umuombe akupe kwa MAANDISHI: tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, unarudi kwenye nafasi gani, na kama bima na michango ya mafao inaendelea ukiwa nje au inasimama. Maneno ya mdomo bosi akihama anahama nayo. Ukishapata hiyo karatasi piga picha, itume kwenye barua pepe yako binafsi, sio ya ofisi, afu rudi hapa utuambie alivyojibu.