Tabora hadi Kigoma kwa baiskeli na watoto, kuchangia viti mwendo: tulivyofanya sisi

Dada, umeuliza kama familia yenye watoto wa miaka 12 na 15 inaweza kupiga baiskeli kutoka Tabora hadi Kigoma mwezi wa saba ili kuchangisha viti mwendo vya wanafunzi wenye ulemavu, na jambo gani hasa uliogope. Inawezekana. Sisi tulikuwa wanne: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka 16 na binti wa 12. Tulitumia siku nane. Ogopa gharama za safari kula hela ya viti.

Mwanzoni tulikuwa na mfuko mmoja. Michango ikaingia humo, na humo humo nikatoa hela ya tairi, tyubu na cheni mpya. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyechanga elfu tano yake ya mahindi, akaniuliza mbele za watu: "Mwanangu, hela yangu imenunua tairi au imenunua kiti?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo tulirudisha kila shilingi iliyotumika, tukafungua akaunti ya watia sahihi watatu, mmoja wao mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu. Gharama za njiani tulijibana wenyewe kwa miezi mitano. Kabla ya kutangaza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako na barua ya shule mkononi. Usitangaze idadi ya viti kwa kutegemea ahadi. Kampuni moja ilituahidi vinne, ikapiga picha na sisi siku ya kuondoka, mpaka leo kimya. Tulikuwa tumesema kumi, tukapeleka sita, na wanne walikuwa wameshaambiwa watapata. Hilo bado linaniuma.

Na msinunue kiti hata kimoja kabla mtoto hajapimwa. Kiti kipana kuliko nyonga zake kinampinda mgongo, na mto mbaya unamletea vidonda vya kukaa ambavyo mwenye ganzi chini ya kiuno hasikii mpaka vimeoza. Mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali alitupimia watoto wote. Wawili kati yao walikuwa na mikono yenye nguvu na njia ya mchanga hadi shuleni, kwa hiyo wakafaa zaidi baiskeli ya magurudumu matatu ya kupiga kwa mikono.

Sasa njia. Ni zaidi ya kilomita 400: Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kidahwe, Kigoma. Reli ya Kati inakwenda karibu sambamba nayo, na hiyo ndiyo bima yenu. Mtoto akishindwa kabisa, kuna stesheni mbele au nyuma. Mwezi wa saba mmechagua vizuri. Mvua hamna, na upepo wa kiangazi hutoka mashariki, kwa hiyo unawasukuma mgongoni. Jua nalo liko nyuma yenu asubuhi, ila huku kwetu linachelewa, Kigoma linatoka kwenye saa moja. Msianze gizani kwa haraka ya kuwahi.

Binti alitangulia siku zote. Mtoto akikaa nyuma anapiga pedeli kwa hofu ya kuachwa, na saa tano tu kaisha. Akiwa mbele, mwendo ni wake. Mimi nilikaa mwisho na fulana ya kuakisi mwanga, maana malori yanatoka nyuma. Lori moja karibu na Kaliua lilitutoa barabarani wote wanne. Tangu hapo tukisikia honi tunashuka, tunasubiri lipite. Siku ndefu tulikwenda kilomita 65, nyingine 40.

Mbung'o msiwapuuze. Kuanzia misitu ya Kaliua hadi ng'ambo ya Malagarasi wanafuata chochote kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Kijana wetu alivaa fulana ya bluu siku ya tatu, akaumwa mpaka akalia. Vaeni kaki, mikono mirefu. Tabora na Kigoma zina historia ya malale, kwa hiyo mtu akipata homa hata wiki kadhaa baada ya safari, mwambieni daktari mlipita wapi.

Tulipopita sisi, kipande cha Malagarasi hadi Uvinza kilikuwa vumbi tupu, na hapo ndipo spoku zilikatika. Bebeni spoku za akiba za saizi ya kila rimu, solusheni ya kutosha, na ufunguo wa ekseli. Maji, lita nne kwa kila mtu kabla ya kuondoka Nguruka. Tulilala kwenye nyumba za wageni na mara mbili darasani, kwa ruhusa ya mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyetukatalia. Pale Uvinza mama mmoja muuza chumvi alisikia tunachangia nini, akafungua kitambaa chake kiunoni akatoa mia tano, akamkabidhi binti mkononi. Binti alikataa kuichanganya na hela nyingine mpaka tulipofika benki Kigoma.

Kurudi tulipanda treni, baiskeli zikasafiri kama mzigo. Nina keria mbili za chuma na pampu ya mguu, zimekaa tu. Niko hapa hapa Tabora, Ng'ambo. Niandikie pembeni mkishapata barua ya shule, nikuletee.