Mwanangu, umeniuliza ninalala vipi

Mwanangu mpenzi,

Sote huku wazima, alhamdulillahi. Baba yako na goti lake lile lile, na paka wako amezaa tena chini ya kabati la sahani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natwanga thomu, sikuushika vizuri. Umesema unafika saa nane za usiku simu i mkononi, unasoma habari za siasa, zikisha unasoma za maradhi, zikisha unarudi kwenye siasa. Umesema siku ile mlipocheka kazini, kicheko cha kweli cha kutoka machozi, ulijihisi kama umemuibia mtu. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe umeyaona yote haya kabla yangu. Unalala vipi?" Na mwisho kabisa, kama jambo la kupita, ukasema hujui kama utakuja kwenye harusi ya binti wa shangazi yako, maana mwaka huu huna moyo wa ngoma.

La kulala ni jepesi. Nasali Isha, nafunga mlango, nalala. Lakini hilo la ngoma limenikaa kooni tangu juzi.

Sikulaumu kwa hofu yako, na asikudanganye mtu kwamba unajitia presha bure. Wewe ndiye uliyenionesha kwamba tarehe 20 Januari 2025, siku moja, Rais Samia alitangaza homa ya Marburg kule Biharamulo, Kagera, na huko Marekani rais wao akatia saini karatasi ya kusimamisha fedha za misaada. Mimi niliyasikia nikayaacha yapite, nikidhani ni mambo ya wakubwa. Kumbe ndiyo mishahara ya wenzako wanne pale CTC, kliniki yenu ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Marburg ilikwisha Machi, Mungu katunusuru, lakini wenzako hawakurudi. Ukanisimulia yule mama anayekuja kila wiki, hata siku isiyo yake, kuuliza tu dawa zipo au hazipo. Mnamwambia zipo, anaondoka, na wiki ya pili anarudi kuuliza.

Kisha ikaja Oktoba. Tarehe 29 watu wanapiga kura, intaneti ikazimwa, na nyinyi Dar mkaambiwa ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani. Nilikupigia simu usiku kucha, mara inaita, mara haiiti. Siku zile sikulala, basi bora nilifute hilo nililokuandikia hapo juu. Nilikaa kwenye ngazi ya uani mpaka alfajiri, baba yako akaniletea shuka akaniwekea mabegani, hakusema neno. Kwa hiyo usidhani una mama wa chuma.

Neno langu unalijua, mmelisikia nyote mpaka mmelichoka: hofu ipe kazi. Hofu isiyo na kazi ya mkono itakula wewe mwenyewe. Zamani habari zilikuwa na saa zake. Redio inasoma matangazo ya vifo, inasoma taarifa ya habari, halafu inapiga taarab. Ukishasikia nani kafariki unajua kazi yako ni nini: unavaa buibui, unakwenda kukaa matanga, unapika. Sasa wewe unaletewa vifo mia bila ya hata nyumba moja ya kwenda kuosha sahani. Mimi naona hapo ndipo panapokuchosha. Lakini hilo nalo silo nililotaka kukuandikia.

Nataka kukuandikia harusi ya dada yako. Wewe ulikuwa chuo, ulikuja Ijumaa asubuhi kwa boti ukaondoka Jumapili, yaliyotangulia hukuyaona. Hakuna aliyekueleza, kwa sababu wa kukueleza ni mimi.

Kipindupindu kilianza huko Dar Agosti 2015, na Septemba kilikuwa kimeshavuka maji kuja kwetu Unguja. Sheha akatukusanya wanawake wa mtaa, akatugawia dawa ya kutia kwenye maji, tukawa tunapita nyumba kwa nyumba. Mimi nilipewa Kikwajuni yote ya upande wetu. Nikiingia uani naomba nioneshwe sufuria ya maji ya kunywa. Nafundisha maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, basi. Niliifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Na usiku nililala, kwa kweli nililala, kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma.

Harusi tulikuwa tumeshaipanga: Ijumaa tarehe 30 Oktoba. Uchaguzi ulikuwa Jumapili ya tarehe 25, tukasema hadi kufika Ijumaa matokeo yatakuwa yametoka na watu wametulia. Wapiga kidumbak wa Ng'ambo, ile ngoma yetu ya harusini, walikuwa wameshapewa arubuni. Bibi yako ndiye aliyewachagua, kwa sababu ya yule mzee wa fidla. Alikwenda Darajani kwa miguu yake, na umri ule, akanunua doti ishirini za kanga moja, sare ya ukoo mzima. Jumanne jioni akamwita mpaka hina, akapakwa miguu yote miwili. Si mikono, alisema mikono ni ya bibi harusi. Alikaa kwenye mkeka kainua nyayo, anaimba peke yake.

Jumatano nilikuwa nachagua mchele wa harusi. Ungo uko mapajani, televisheni iko wazi, na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akaanza kusoma karatasi yake. Uchaguzi wote umefutwa. Nakumbuka niliendelea kuchagua, chuya huku, mchele huku, mpaka baba yako aliponyanyuka akafunga dirisha la barabarani, kama mtu aliyeiona mvua. Nje palikuwa kimya kama saa ya futari. Baadaye yakaanza kupita magari ya askari kuelekea Michenzani.

Usiku ule nikakata shauri. Ndoa itafungwa msikitini, watu kumi. Pilau hakuna. Ngoma hakuna.

Bibi yako akanijia jikoni. Akaniambia: "Mimi niliolewa mwaka wa vita vya Juni." Unajua hadithi ile: mwaka 1961, watu wameuana baada ya uchaguzi, na yeye alikuwa na miaka ishirini na tatu. Wakampigia ngoma ndani, madirisha yamefungwa, magodoro yameegemezwa milangoni sauti isitoke. Akaniambia: "Ningengoja nchi itulie ndipo nicheze, ningekufa sijacheza."

Na mimi nikamjibu. Miaka kumi nimetafuta njia ya kulisema upya jibu lile na sijaipata. Nilimwambia: "Mama, watu wanakufa, wewe unawaza kiuno chako."

Hakunijibu. Alirudi chumbani, akazikunja zile kanga doti moja moja, akazitia sandukuni. Ijumaa alikaa sebuleni na kanga yake ya siku zote. Wewe ulimuuliza mbona hakuvaa mpya, akakwambia anasikia joto.

Februari akaondoka, usingizini, presha. Hata ule uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi hakuufikia. Niliingia kumuosha pamoja na shangazi yako. Nilipofika miguuni nikaiona ile hina. Nyayoni ilikuwa imekwisha kufutika, lakini kwenye kucha ipo, nyekundu ya kuiva, imesogea mbele nusu ukucha, na kwa nyuma pameota pengine peupe. Alijipaka hina ya ngoma na ngoma hakuichezewa. Nilizisugua zile kucha kwa maji ya mkunazi kama vile inaweza kutoka. Shangazi yako akanishika mkono.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nafsi yangu na mimi tunabishana hapa kila mwaka. Pilau sikukosea kulifuta. Mtaa wa pili walifanya shughuli wiki ile ile, na watu sita walichukuliwa kambi ya kipindupindu baada ya siku mbili. Mimi niliyekuwa napita nyumba za watu nikikagua sufuria, ningewapikiaje watu mia tatu kwa maji ya tangi? Na miezi michache baadaye serikali yenyewe ilipiga marufuku vyakula vya barabarani, na walionuna nao niliwaambia wavumilie. Hapo nasimama na sisogei.

Lakini kidumbak hailiwi, mwanangu. Lile sanduku na zile ngoma mbili ndogo na fidla ya yule mzee havina maji ndani yake. Watu kumi wangekaa sebuleni, madirisha yamefungwa, wakanywa chai iliyochemka, na mwanamke wa miaka sabini na saba akasimama akazungusha kiuno robo saa. Nani angeugua? Hofu niliipa kazi jikoni, na kazi ikaifanya, kisha ikaingia sebuleni ikakaa, na mimi sikuinyanyua. Nikaita kuwa ni huruma kwa watu. Haikuwa huruma. Nilichoka, nikaona uzito aliokuwa nao mama yangu haufanani na wangu, nikamuadhibu.

Halafu najirudi. Najiambia, na jirani wa ukuta mmoja? Yule kijana wake alikuwa wakala wa chama kituo cha kura, alirudi na fomu zake mkononi, akazitupa kitandani akalala kifudifudi siku mbili. Ngoma yetu ingemfikiaje pale alipolala? Baba yako anasema ingempita tu. Shangazi yako anasema pengine angekuja kusikiliza mlangoni. Mimi nadhani ingemuuma. Mara nyengine nadhani ilikuwa haki imuume na bado ipigwe. Sijui, na si kwamba sijalifikiri.

Basi nikija kwako. Yule mama wa kila wiki ulimjibu, ulimtazama usoni, ulimuonesha chupa ya dawa. Kazi ya mkono uliifanya. Kile kicheko cha baada yake hukumuibia. Nikikufikiria unavyojihukumu kwa kicheko napata hasira, na hasira zenyewe ni zangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mtu mzima hucheka mambo yakishakwisha. Mambo hayajawahi kwisha hata siku moja tangu nizaliwe. Mwaka wa Korona tuliswali Idd na khofu, na mwaka uliofuata, Februari, alipofariki Maalim Seif, nilikwenda hospitali kupeleka uji, nikasikia wauguzi wawili wanacheka koridoni kwa sauti. Nikakasirika. Nikafika mwisho wa koridoni kabla sijakumbuka kwamba wale walikuwa wamekesha.

Hiyo simu, iweke nje ya chumba ukilala. Ninajua hutoiweka.

Kuhusu harusi, kalamu inanivuta nikwambie neno moja tu la herufi nne, na nimejizuia tangu mwanzo wa barua. Nilimuamulia mama yangu furaha yake, sitaki kukuamulia wewe yako, hata kwa kukulazimisha kuwa nayo. Ikiwa huna moyo, basi huna moyo, na shangazi yako nitamueleza mimi. Ingawa yeye amekuhesabia kwenye godoro la chumba cha ndani, na dada yako anakuja na watoto watatu, na mdogo wao hajakuona.

Shughuli ni kabla ya mwezi wa Ramadhani, Alhamisi ya mwisho ya Shaabani. Ngoma itapigwa ndani ya nyumba. Yule mzee wa fidla amekufa, anapiga mwanawe. Maji nachemsha mimi mwenyewe, nimeshaazima masufuria mawili makubwa na sitaki msaidizi.

Na sanduku nimelifungua. Doti zote ishirini zimo, zinanuka udi na karafuu, hazijatoboka. Nimempa shangazi yako kumi na tisa ziwe sare, akalia, nikalia. Ya ishirini nimempa mjomba wako akuletee kwa boti ya Jumamosi, akukabidhi mkononi, asimuachie mlinzi. Bado ina ule ugumu wa dukani na sijaifua. Haijakatwa wala kupindwa, vile vile kama alivyoikunja yeye. Cherehani unayo.

Mama yako