Jibu: Mdogo wangu karudishwa nyumbani, tuanzie wapi?

Pole sana, dada. Umesema mdogo wako wa miaka 19 ana saratani ya mfupa iliyofika mapafuni, mmerudi naye Tunduma, usiku halali kwa maumivu, na wageni wanajaa tangu alfajiri.

Anzeni na maumivu. Je, kapewa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya kunywa? Sisi tulipomuuguza mdogo wangu mimi tuliiogopa, tukawa tunampa akilia tu. Tulimtesa bure. Hutolewa kila baada ya saa 4 hata kama hajalalamika, na daktari anaweza kuongeza ya kulalia ili apate usingizi. Ombeni siku hiyohiyo dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga choo vibaya. Kipimo apange daktari, msijipangie.

Wageni msiwafukuze. Mama mdogo aliweka kigoda mlangoni, akawa anapokea uji na sala, anaingiza wawili wawili. Mgonjwa wetu alitaka kuona malori yakipanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, tukamsogezea kitanda dirishani.

Kumwambia ukweli? Muulize kwanza yeye anataka kujua nini. Wetu alikuwa ameshajua, alikuwa anatuhurumia sisi.