Taasisi ikichukua programu yako: yaliyonipata mimi, na unachoweza kufanya wewe

Mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Ulitengeneza mchezo wa kufundisha watoto silabi, ukaipa shule moja bure waujaribu muhula mmoja, na sasa umeukuta kwenye tabuleti za shule nyingine za mmiliki huyohuyo, jina lako limefutwa. Unauliza kama bado una haki au uliugawa siku ulipokabidhi flashi. Haki unayo. Ila acha nikueleze kwa kirefu, maana mimi lilinipata la kufanana na hilo na nusura nipoteze kila kitu.

Mwaka 2017 taasisi moja hapa Nairobi iliniagiza michoro ya kuonyeshwa kwenye skrini kubwa, inayofuata sauti za ukumbini. Watu wakipiga makofi ndege wanaruka. Wakinyamaza, wanatua kwenye nyaya za stima. Tulielewana kwa simu, nikapewa LPO (hati ya kuagiza kazi) ya mstari mmoja, nikalipwa, maonyesho yakafana. Miaka miwili baadaye nikaalikwa kwenye hafla ya watu wengine kabisa kule Upper Hill. Naingia ukumbini, namkuta kunguru wangu ukutani. Nilimjua kwa jicho. La kushoto hupepesa likichelewa kidogo nyuma ya la kulia, kosa la hesabu ambalo niliamua kutolirekebisha kwa sababu lilimfanya aonekane hai. Ile taasisi iliyoniagiza walikuwa wamebadilisha rangi, wakabandika nembo, na chini wakaandika kuwa ni kazi ya timu yao ya dijitali. Nilisimama pale hadi chai ikanipolea mkononi.

Marafiki wote waliniambia jambo moja: aliyeandika msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ndiye mwenye hakimiliki. Wakili niliyemwendea ndiye aliyenizindua. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inazilinda programu za kompyuta katika kundi moja na kazi za fasihi, na ulinzi huo unaanza wenyewe bila hata kusajili. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikiwa imeagizwa, au imetengenezwa na mwajiriwa katika kazi yake, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kisome tena hicho, ndugu yangu. Mkinyamaza nyote wawili, anayefaidika ni mwenye pesa. Nilikuwa nimeifurahia ile LPO fupi kwa kuwa haikuwa na masharti, kumbe kutokuwa na masharti ndiko kulikonifunga.

Mambo mawili yaliniokoa. Injini inayosikiliza sauti na kuwaendesha wale ndege niliiandika 2015, kabla sijawafahamu, na historia yake yote ipo kwenye Git, mfumo unaotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, tarehe kwa tarehe. Hiyo hawakuiagiza. La pili ni kifungu cha 32: haki ya kutajwa kuwa mtunzi hubaki kwa mtunzi hata hakimiliki ikishahama. Tulikaa na mwanasheria wao mara tatu. Jina likarudi, na injini wakaanza kuilipia leseni kila mwaka. Ndege niliwaachia, na hadi leo inaniuma.

Sasa wewe. Hukuagizwa na mtu. Mchezo ulikuwa wako, ukawaazima. Kuihamisha hakimiliki kunahitaji maandishi yenye saini, na hayo hayapo. Ulichowapa ni ruhusa ya kutumia tu, na ruhusa ya aina hiyo sheria inakubali iwe ya mdomo, au hata ionekane kutokana na mwenendo wa mtu. Hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Kila mwezi unaopita ukijua na usiseme kitu, watadai mwenendo wako uliridhia. Waandikie wiki hii hii. Anza kwa heshima, "Mwalimu Mkuu, nilikukabidhi mchezo huu kwa muhula mmoja," kisha ambatisha ule ujumbe wa WhatsApp uliotaja muhula, picha za skrini kabla na baada ya jina kufutwa, na faili zako za mwanzo. Sema unataka nini: jina lirudi, na matumizi ya shule hizo nyingine yaandikiwe leseni. Usajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, siku hizi unafanyika mtandaoni. Haukupi haki mpya, lakini cheti chake ni ushahidi mzuri mezani.

Kuna mdau hapo juu amekushauri uuweke mchezo chini ya MIT, mojawapo ya leseni huria, mambo yaishe. Sikubaliani naye. MIT inamruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na hata kuuuza, mradi abakize tangazo la hakimiliki. GPL, leseni huria nyingine, inamtaka anayeusambaza atoe na msimbo wake, lakini taasisi ikiuendesha kwenye seva yake bila kuusambaza, sharti hilo haliigusi. Kwa hali hiyo ndipo ilipoandikwa leseni ya AGPL toleo la 3, mwaka 2007. Picha na sauti zako zipe leseni ya Creative Commons ukipenda, ila msimbo usiupe, wenyewe wanashauri hivyo. Na asikwambie mtu kwamba leseni za bure hazina meno. Mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer kuhusu programu huria ya treni ndogo za kuchezea, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema anayekiuka masharti ya leseni ya namna hiyo anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki.

Mimi sasa kila makadirio ya bei ninayotuma yana maneno haya, na sigusi malipo ya awali kabla maneno hayo hayajasainiwa: "Hakimiliki ya msimbo inabaki kwa mtengenezaji. Mteja anapewa leseni ya kuutumia katika mradi uliotajwa hapa pekee, na jina la mtengenezaji halitaondolewa." Wengi wanasaini bila neno. Wawili walikataa. Mmoja tulikubaliana bei ya juu zaidi ili achukue kila kitu, na wa pili nilimrudishia karatasi zake.